Jogoo wa Ansab

Usinambie mpira wa Maskati umeanza juzi na viwanja vyenu vya majani. Mie nnaujua tangu ulipokuwa ukichezwa juu ya kokoto, Darsait, mwaka wa sitini na tisa, na mikono hii unayoiona ndiyo iliyoshona kaptula kumi na tatu kwa sindano ya mkono. Mikono hii hii ilishika kisu mara mbili kumchinja jogoo, na mara mbili mume wangu akanizuia. Kaa nikuhadithie. Lakini usinikatize, maana nikikatizwa hukasirika, na nikikasirika husahau mambo.

Mume wangu, Marhoon, alikuwa mwalimu wa skuli Unguja, na jioni winga wa kushoto. Mwaka wa sitini na nne tukatoka kama walivyotoka wengine, na nguo tulizovaa, tukaangukia Mombasa: mie, yeye, na mama yake, Bi Mahbuba. Mwaka uliofuata ikaja ruhusa ya kuingia Maskati. Zama zile huingii ovyo, kila mtu na ruhusa yake, na karatasi yetu ilikuwa na majina mawili. La Marhoon na langu. La mama halikuwemo. Akatwambia, "Nendeni wanangu, mie nitafuata mwezi ujao." Mwezi ujao ukawa miaka mitano.

Sasa mfahamu Bi Mahbuba. Si mtu rahisi. Siku ya pili ya harusi yangu alionja pilau niliyopika, akatizama huku na huku, akauliza, "Kwani hapa kumefiwa?" Wanawake wenzangu walikuwa wakimwomba Mungu mama wakwe zao wachelewe kuja. Mie, wallahi, nikiomba wangu aje hata kesho. Kwa sababu kila siku ya Mungu, Marhoon akikaa kula, akishatia tonge la mwanzo mdomoni, huacha kutafuna akasema, "Sijui mama leo kala nini." Miaka mitano! Chakula changu kinapoa namna hiyo. Nikimtizama na lile tonge shavuni humwonea huruma mpaka nataka kumrushia sahani.

Marhoon alipata kazi katika chuo kidogo cha makarani hapo Darsait, vijana wakifundishwa Kiingereza na kupiga taipu. Mudir, yaani mkuu wa chuo, akiitwa Aflah, mtu wa nidhamu, kanzu yake haina hata kunjo moja; nadhani akilala wima. Mkataba wa Marhoon ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Mwaka huo Mudir akamwita ofisini akamwambia Kiingereza kimepata mwalimu mwengine, ana shahada.

"Kwako limebaki somo moja tu, riadha," akamwambia. "Matajiri wa Matrah wameanzisha mashindano ya mpira. Timu nne: Matrah, Ghubra, Ansab, na sisi. Kila timu inacheza na mwenziwe mara mbili, mara kwake, mara kwao. Tusipokuwa wa mwisho, nakupa mkataba wa kudumu. Tukiwa wa mwisho, mpira unaingia kabatini, na wewe unakwenda nyumbani."

"Na barua ya mama?" Marhoon akauliza. Maana chuo kilikuwa hakimwandikii mtu barua ya kumleta mzee wake ila awe na mkataba wa kudumu.

"Mpira kwanza, Ustadh," alisema Mudir.

Basi hivyo ndivyo mama mkwe wangu alivyowekwa kwenye miguu ya vijana kumi na watatu. Na miguu yenyewe ndo hiyo! Nusu yao wana wa Unguja, nusu wana wa hapa. Wale wa Unguja wakijua mpira, tatizo wakijua kwamba wanajua. Mkubwa wao Sleyum, mshambuliaji, hawezi kuingia uwanjani mpaka achane nywele. Wale wa hapa walikuwa na moyo, lakini mpira wengi wao walikuwa hawajaugusa. Golikipa wetu alikuwa Bakhit, kijana wa Matrah, mkubwa kama mlango. Goli zima akilijaza, ila mpira ukija akifumba macho. Bakhit akiniita khalti, yaani mama mdogo kwa Kiarabu chao, na Kiswahili chake kakijifunza jikoni kwangu, anauliza neno huku anakula.

Kisha Mudir akatoa amri ya pili: magoti yasionekane. Nikanunua marekani, nikashona kaptula zinazofika nusu ya muundi. Upepo ukivuma zinajaa. Sleyum alipoivaa yake alitaka kulia. "Bi Nasriya, mtu atakimbiaje kavaa foronya mbili?"

"Kimbia hivyo hivyo," nikamwambia. "Mama mkwe wangu anangoja."

Mechi ya mwanzo ilikuwa Ansab, kwao. Wakapanda gari la mizigo asubuhi, wanaimba. Mie sikwenda, yote haya kanihadithia Bakhit, na Bakhit hajui kuongopa, akijaribu hucheka mwenyewe.

Walipofika, watu wa Ansab wakawapokea kwenye sabla, ndiyo baraza yao kubwa ya wageni, na mwenyewe Sheikh Muhanna, mzee wa mji, kakaa juu kabisa. Huyu Sheikh Muhanna si mtu wa kuchezea, akiingia na kutoka kwa wakubwa wote wa Maskati. Ikaanza kahawa. Sasa kahawa ya huku ina mambo yake. Kijana anasimama mbele yako na dele mkononi, anakumiminia tone mbili chini ya kikombe. Ukimaliza anakumiminia tena. Ukimaliza, tena. Ukitaka kusema basi, unatikisa kikombe kidogo, hivi, ndipo anakipokea anakwenda kwa mwengine. Usipotikisa, atasimama hapo mpaka Kiama.

Wana wetu wa Unguja, tangu waje wanakaa wenyewe kwa wenyewe, wakalijua wapi hilo? Wamelelewa kwamba ukipewa kitu na mkubwa usikatae. Wakawa wanakunywa, kijana anamimina. Wanakunywa, anamimina. Wao wanajisemea, watu gani hawa hawachoki? Watu wa Ansab nao wanajisemea, wageni gani hawa hawatosheki? Sleyum alihesabu vikombe kumi na saba, halafu akaacha kuhesabu kwa sababu mikono ilikuwa inamtetemeka.

Kikaja chakula. Masinia ya wali na mbuzi mzima mzima. Kila mama wa Unguja kamfunza mwanawe: ukila kwa watu, usiache, watasema umekidharau chakula chao. Wakala mpaka masinia yakang'aa. Watu wa Ansab kuona sinia jeupe wakaona aibu, wageni hawajashiba! Wakaleta mengine. Wana wetu wakatizamana, masikini ya Mungu, wakasema bismillahi wakaanza upya.

Nikamuuliza Bakhit, "Na wewe mwana wa hapa, unayajua haya yote, hukuwaambia?"

"Khalti," akanambia, "mie niliona wanafurahi."

Baada ya chakula ikarudi kahawa. Marhoon akapewa kikombe, na tumbo lake limefika hapa shingoni. Hakuweza. Na kukirudisha kikombe kwa mwenyewe aliona si adabu. Basi akakiweka taratibu juu ya mkeka, mbele yake, kimejaa vile vile.

Sabla nzima ikamgeukia.

Kumbe, bwana we, kwa Waarabu wa huku mgeni akiweka kahawa chini bila ya kuinywa, kasema neno zito. Kasema: nna jambo nalitaka kwako, na sinywi mpaka unikubalie. Na mwenye nyumba akiwa mtu na heshima zake hukubali kabla ya kujua ni jambo gani. Sheikh Muhanna akajiinua akakaa sawa. "Kunywa kahawa yako, Ustadh," akasema. "Unalolitaka umeshalipata. Sema tu ni lipi."

Marhoon akawa haelewi kafanya nini. Anaona watu arubaini wamemkodolea macho. Bakhit akamsogelea akamnong'oneza, "Ustadh, umeweka kikombe! Omba kitu. Chochote. Usipoomba utakuwa umemdhihaki mzee."

Marhoon akatizama kulia, akatizama kushoto, jasho linamtoka. Mlangoni akapita jogoo mwekundu, katanua kifua.

"Nnamuomba," akasema, "yule jogoo."

Watu wa Ansab walicheka mpaka Sheikh Muhanna akajifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Wakamkimbiza jogoo, wakamkamata, wakamfunga miguu, wakamtia mikononi mwa Marhoon. Halafu wakatoka kwenda kucheza, na wakatufunga sita bila. Sleyum bao la pili lilipoingia alikuwa kakaa kitako katikati ya uwanja, anamwomba refa amletee maji.

Jioni gari likaja, nikatoka mlangoni. Namwona mume wangu anashuka na jogoo kwapani.

"Mmeshinda?"

"Tumefungwa sita."

"Na huyo ndo nini?"

Akanijibu Bakhit, kila kitu, mwanzo mpaka mwisho, huku anatafuna mkate wangu. Nilipofahamu, damu yote ilinipanda kichwani.

"We Marhoon! Sheikh mzima anakwambia omba chochote, mbele ya watu arubaini! Mtu anayeingia na kutoka kwa wakubwa! Mama yako yuko Mombasa, chumba cha uani, miaka mitano! Unaomba kuku?"

"Sikujua, Nasriya."

"Hata kama hukujua! Mtu akiambiwa omba chochote haombi kuku! Si ungeomba hata ngamia!"

Akakaa kwenye kizingiti, kamkumbatia jogoo, na kanzu yake imejaa vumbi. Akasema tena, pole pole, "Sikujua." Na jogoo akawika. Ndipo nilipokwenda kuchukua kisu mara ya mwanzo. Marhoon akanipokonya. "Muache," akasema. "Ni zawadi ya watu. Na mie nataka niwe namwona kila siku nikumbuke ujinga wangu." Uliona wapi? Nikarudisha kisu, nikaenda zangu chumbani nikalia. Sikulia kwa mabao sita. Nililia kwa sababu kwa muda wa pumzi moja Bi Mahbuba alikuwa kishafika, na mume wangu kamrudisha.

Yule jogoo alikuwa na wazimu. Akiwika adhuhuri, akiwika laasiri, alfajiri ndo amelala. Akimpenda Bakhit peke yake. Bakhit akija humlisha wali kwa mkono na kumsemesha Kiswahili, anasema jogoo hamcheki akikosea.

Mashindano yakaendelea. Matrah wakatufunga kwetu na wakatufunga kwao, lakini si sita tena, maana sasa Marhoon aliwafundisha vijana kutikisa kikombe kabla ya kuwafundisha pasi. Ghubra kwao walichezea mchangani, maji yamekupwa. Kipindi cha pili maji yakaanza kujaa, upande wa kulia ukazama, refa akavua viatu, tukatoka sare moja moja. Ghubra walipokuja kwetu tukatoka sare tena, na ningekwambia vipi Sleyum alikosa penalti kwa sababu upepo ulimgeuza kwa ile kaptula, lakini mwenyewe mpaka leo hapendi isemwe, na sasa mtu mkubwa serikalini.

Ikabaki mechi moja, Februari ya mwaka wa sabini. Ansab, kwetu Darsait. Sie na Ghubra tuko sawa mkiani, na Ghubra kishamaliza mechi zake. Tukitoka sare tu, mkia wa Ghubra. Tukifungwa, mkia wetu, kwa ajili ya yale mabao sita ya kahawa.

Usiku ule Marhoon alikaa kula, akatia tonge, akaacha kutafuna. Nikamuwahi. "Usiseme! Mama yako atakula hapa hapa. Walitulisha, na sie tutawalisha."

Nikamwita jirani yangu Kheiria. Tulianza kabla ya alfajiri kwenye jiko la chuo, ambalo dirisha lake moja linatizama ukumbi wa wageni na la pili linatizama uwanja, kwa hivyo haya niliyaona kwa macho yangu. Tulipika pilau ya nyama na biriani ya kuku. Tukapika sambusa, kachori, mikate ya kumimina, visheti. Kheiria akanambia, "Nasriya, hawa watu wakila hivi hawatoweza kuvaa viatu." Nikamwambia, "Ndo nnavyotaka."

Wakaja Ansab na Sheikh Muhanna mbele. Wakakaa. Kahawa ikapita, kila mmoja kikombe kimoja, tik, anatikisa. Masinia yakaingia. Nimeweka jicho dirishani. Kila mtu wa Ansab akamega kwa vidole vitatu, tonge mbili, tatu, akasema mashallah, akajirudisha nyuma.

"Kuleni, jamani!" Marhoon akawahimiza.

"Tutakula baada ya mchezo, inshallah," akasema Sheikh Muhanna. "Nani anakula kabla ya kukimbia? Siku ile mlipokuja kwetu mkala vile, sisi wenyewe tulishangaa."

Nikataka kujitia ndani ya sufuria. Na wewe unadhani yaliishia hapo? Mwenye nyumba haachi sinia peke yake, lazima akae ale kidogo kuwaheshimu wageni. Wana wetu wakala kidogo. Halafu ikawaingia ile harufu. Wengine tangu watoke Unguja walikuwa hawajaona mkate wa kumimina. Sleyum alimega kipande kimoja, akamega cha pili, nikamwona anajifuta macho kwa mkono wa shati. Mama yake alikuwa akiupika vile vile. Nikamkemea dirishani, "Sleyum, acha! Acha we mtoto!" Akanitizama, mashavu yamejaa, hakuacha. Sikuwa na moyo wa kumkemea tena. Walikula wote, masinia yote mawili.

Lakini mpira walicheza, nisiwadhulumu. Ansab wakaanza kufunga. Kabla ya mapumziko Sleyum, na tumbo lake lile, akapokea mpira pembeni akawapita watatu akapiga kwenye kona ya goli. Moja moja! Halafu akalala chini na hakuinuka tena mpaka mwisho, tumbo limemkamata. Zama zile mchezaji habadilishwi, basi kipindi cha pili tukawa kumi na mmoja kwa hesabu, kumi kwa ukweli. Bakhit siku hiyo, wallahi, alifumbua macho. Mipira yote akaipangua. Mie na Kheiria tumeshikana mikono dirishani, na Marhoon pembeni anatembea mbele nyuma, midomo inamcheza, sijui anasoma dua au anamsemesha mama yake.

Zimebaki dakika tatu. Na nani akatokea uani kwetu, ng'ambo ya uwanja? Jogoo. Bakhit alimfungua asubuhi kumlisha, akasahau kumfunga. Akauvuka uwanja kwa maringo yake yote, akaenda moja kwa moja golini, akasimama kwenye miguu ya Bakhit, akamtizama, anataka wali. Na mshambuliaji wa Ansab huyo anakuja mbio. Bakhit akatizama mpira, akatizama chini. Akapiga hatua moja ya pembeni asimkanyage rafiki yake, na mpira ukapita pale pale alipotoka.

Mbili kwa moja. Kipyenga.

Nilitoka jikoni na kisu, mbele za watu, buibui huku na mie kule. Bakhit kamkumbatia jogoo, analia. Marhoon akanishika mkono. Nilidhani atanifokea. Akasema tu, "Basi, Nasriya. Kamimine kahawa, wageni wanangoja." Uso wake ulikuwa umezimika, sijapata kuuona vile hata siku tuliyotoka Unguja. Nikarudi jikoni.

Wakakaa ukumbini, na kahawa ya siku hiyo ilikuwa ya Mudir Aflah, yeye ndiye mwenye nyumba. Tukapakua yaliyobaki sufuriani, Ansab sasa wakala, na walikula kweli kweli. Mudir akawa anajitengeneza koo. Najua alichotaka kusema: mpira kabatini, na Ustadh Marhoon tunamshukuru. Dele likapita. Likamfikia Marhoon, akapokea kikombe. Akakishika muda. Halafu akakiweka juu ya mkeka, kimejaa.

Watu wa Ansab kuona vile wakaangua kicheko. "Mleteeni kuku wa pili!" mmoja akapiga kelele. Vijana wetu nao wakacheka. Hata Mudir alianza kucheka.

Marhoon hakucheka. Alikaa vile vile, mikono magotini, macho kwa Mudir. Kicheko kikapungua, kikaisha. Sheikh Muhanna akaacha kula. Mie dirishani nimeziba mdomo kwa mkono.

Mudir alikuwa mtu mkavu, lakini alikuwa mtu. Na Ansab nzima inamtizama. "Kunywa kahawa yako, Ustadh," akasema. "Unalolitaka umelipata. Sema."

"Mama yangu yuko Mombasa," akasema Marhoon. "Miaka mitano. Nilimwacha bandarini, akanambia atafuata mwezi ujao. Namtaka mama yangu."

Mudir akaitikia kwa kichwa mara mbili. "Kesho naandika barua. Kunywa." Marhoon akakinyanyua kikombe, nusu ikamwagikia kanzu. Akanywa. Akatikisa.

Ndipo Mudir akakunja uso, kakumbuka. "Lakini barua huandikiwa mtu mwenye mkataba wa kudumu," akasema, kama anajisemea mwenyewe. "Na mkataba wako ni wa riadha. Na riadha ni mpira. Na mpira mmekuwa wa mwisho."

"Neno lako limeshatoka, Aflah," akasema Sheikh Muhanna, anajifuta mikono. "Panga mambo yako nyuma yake. Na huo mpira usiufunge kabatini. Mkiacha nyinyi, sisi Ansab tutamfunga nani sita?"

Wakacheka tena, na safari hii Mudir mwenyewe akacheka, kanzu ikapata kunjo.

Bi Mahbuba alishuka Matrah mwezi wa tano. Miezi miwili baadaye mambo ya nchi yakageuka, akashika Sultani mpya, milango ikafunguliwa, wakaja watu wa Unguja kwa mamia bila ya kumwekea mtu kikombe. Majirani wakanicheka, "Mngengoja miezi miwili tu!" Nikawajibu, ngojeni nyie. Mie nilikuwa nimeshangoja.

Siku ile ya mwanzo nilipika pilau. Akaonja, akatizama huku na huku, nikajishika moyo. Akaendelea kula, hakusema kitu. Nikaona uzee umemfika. Baada ya chakula nikaleta kahawa. Bakhit alikuwepo, kaja kumwamkia, na jogoo kapakatwa. Bi Mahbuba akauliza, "Huyu kuku mbona ndani ya nyumba?" Na Bakhit, mtu asiyejua kuongopa, akamhadithia yote: vikombe kumi na saba, kikombe mkekani, Sheikh Muhanna, omba chochote.

Bi Mahbuba akasikiliza mpaka mwisho. Akaweka kahawa yake chini. Akamgeukia mwanawe.

"We Marhoon! Njoo hapa. Kaa mbele yangu! Miaka mitano nalia Mombasa, unaambiwa omba chochote, unaomba kuku? Akili zako umeziweka wapi? Mtu akiambiwa omba chochote haombi kuku! Si ungeomba hata ngamia!"

Neno kwa neno, wallahi! Nikamtizama mama mkwe wangu, na siku ile ndo nilipompenda.

Marhoon, mtu wa miaka arubaini na moja, alikaa chini mbele yake, kainamisha kichwa, miguu kaikunja. Bi Mahbuba akaishiwa na pumzi. Marhoon akanyanyua uso, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na anacheka.

"Endelea, mama," akasema. "Endelea."